Ardhi Iliyogeuka Mtu: Majina ya Mahali katika Vyeo vya Makabaila wa Uingereza na Kazi ya Mfasiri

Msomaji wa Kiswahili anayefungua tamthilia za kihistoria za William Shakespeare hukutana mara moja na jambo la kutatanisha. Watu wanaoingia jukwaani wanaitwa York, Gloucester, Northumberland, Norfolk, Kent. Akitazama ramani ya Uingereza, ataona kwamba majina hayo hayo ni ya miji na wilaya. York anakasirika, Kent anafukuzwa nchini, Gloucester anang'olewa macho. Maelezo yanayotolewa darasani kwa kawaida ni mafupi: kwamba Dyuki wa York ni mtawala wa York, kama vile Liwali wa Malindi alivyokuwa mtawala wa Malindi. Maelezo hayo ni rahisi kukumbukwa, lakini kwa sehemu kubwa si sahihi. Na kwa kuwa si sahihi, yanaficha jambo ambalo tamthilia hizo zimejengwa juu yake, na yanampotosha mfasiri.

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya majina ya mahali yaliyomo katika vyeo vya makabaila wa Uingereza, kuonyesha jinsi fasihi ilivyoyatumia, na kisha kulipima tatizo hilo kwa mizani ya sarufi ya Kiswahili. Suala hili si la wasomi wa Kiingereza peke yao. Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kazi hizo ni sehemu ya fasihi inayosomwa kwa Kiswahili, na tatu kati yake zina vyeo vilivyofungamana na majina ya mahali. Aidha, majina ya vyeo hivyo yaliwahi kuandikwa juu ya barabara na shule za Kenya. Jina ambalo asili yake haieleweki ni jina ambalo madai yake hayawezi kupimwa.

I. Cheo kilipokuwa kazi

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba maelezo ya darasani yalikuwa na ukweli zamani sana. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, eli alikuwa mtumishi mkubwa wa mfalme katika wilaya moja au zaidi. Aliongoza jeshi la wilaya, alikaa katika baraza lake la hukumu, na alichukua theluthi ya mapato ya baraza hilo. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, eorl, lakini maana yake ya utawala ilikolezwa na neno jarl la watu wa Skandinavia, hasa katika enzi ya Mfalme Cnut, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1016 hadi 1035. Wakati huo, kutaja jina la wilaya baada ya neno eli kulikuwa kutaja kazi ya mtu na mipaka ya kazi hiyo.

Baada ya mwaka 1066 kazi hiyo ilipungua. Wafalme wa Kinormani walimtegemea zaidi afisa mwingine, sherifu, ambaye jina lake katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya msimamizi wa wilaya. Sherifu alikusanya kodi na kutekeleza amri. Eli alibaki na heshima, na ile theluthi yake ikageuka kuwa kiasi maalumu cha fedha alicholipwa kila mwaka kwa ajili ya jina tu. Hapa ndipo mfarakano ulipoanza: mamlaka yalikwenda upande mmoja, jina likabaki upande mwingine.

Vyeo vingine viliongezwa wakati mfarakano huo ulikuwa umekwisha kukomaa. Dyuki wa kwanza wa Kiingereza alikuwa Edward, mwana mkubwa wa Mfalme Edward wa Tatu, aliyepewa Cornwall mwaka 1337. Markisi wa kwanza alipatikana mwaka 1385, baroni wa kwanza wa kuteuliwa kwa hati ya mfalme mwaka 1387, na viskaunti wa kwanza mwaka 1440. Ngazi zote tano zilipokamilika, yaani dyuki, markisi, eli, viskaunti na baroni, jina la mahali lilikuwa limekuwa alama ya daraja katika nasaba na karibu na kiti cha mfalme. Halikuwa tena maelezo ya eneo linalotawaliwa.

Mifano ya baadaye inalithibitisha jambo hili. Ukoo wa Cavendish ulipewa cheo cha eli cha Devonshire mwaka 1618, na cha dyuki mwaka 1694. Makao yao makuu ni Chatsworth, katika wilaya ya Derbyshire, mbali na Devon. Devon yenyewe ina eli wake mwingine, wa ukoo wa Courtenay, anayekaa katika ngome ya Powderham. Basi wilaya moja imetoa vyeo viwili kwa koo mbili, na mwenye cheo kikubwa zaidi ndiye asiyekaa huko. Dyuki wa Norfolk naye ana ngome yake Arundel, katika Sussex, kusini mwa nchi, ilhali Norfolk iko mashariki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Arthur Wellesley. Mwaka 1809, akiwa vitani katika rasi ya Hispania, ilibidi achaguliwe jina la cheo kwa haraka. Ndugu yake William ndiye aliyelichagua. Alitafuta mahali ambapo jina lake lingekaribiana na jina la ukoo wao, akaupata mji mdogo wa Wellington katika Somerset. Wakazi wa Wellington hawakumjua mtu huyo. Kilichowaunganisha naye kilikuwa mlio wa maneno. Hata hivyo, jina hilo lilipanda naye hadi udyuki mwaka 1814, na kutoka kwake likavuka bahari hadi New Zealand, ambako ni jina la mji mkuu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba uhusiano wa jina na mali ulikatika kote. Udyuki wa Cornwall bado ni milki yenye mashamba na mapato, na mwenyewe ni mrithi wa kiti cha mfalme. Udyuki wa Lancaster ni milki ya mfalme mwenyewe tangu mwaka 1399. Lakini hata katika milki hizi mbili, sehemu kubwa ya ardhi ya Cornwall haiko Cornwall. Jina limekuwa jina la hazina, na hazina ina mashamba popote ilipoyapata.

II. Majina yenyewe yanasema nini

Mtaalamu wa lugha hawezi kuridhika kwa kujua kwamba jina ni la mahali. Atauliza mahali penyewe palipataje jina. Swali hili likiulizwa juu ya vyeo vikubwa vya Uingereza, jibu ni kwamba vyeo hivyo vimeandikwa kwa lugha za watu walioshindwa pamoja na za walioshinda.

Chukua York. Warumi waliuita mji huo Eboracum, jina walilolipokea kwa wenyeji wasemao Kikelti, na ambalo huhusishwa na mti aina ya myuu. Waanglo-Saksoni walipofika hawakulielewa. Wakalisikia kana kwamba ni neno lao eofor, yaani nguruwe mwitu, wakasema Eoforwic. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, wakalisema Jórvík. York ya leo ni masalio ya mashikio matatu ya wageni. Lancaster, Gloucester, Leicester na Worcester zote zimebeba mwishoni neno la Kilatini la kambi ya askari, castra. Norfolk na Suffolk ni watu wa kaskazini na watu wa kusini. Sussex ni Wasaksoni wa kusini. Derby ni jina la Kiskandinavia, nalo liliondoa jina la Kiingereza lililokuwapo kabla yake, Northworthy.

Cambridge inafundisha jambo la ajabu zaidi. Mto uliopita hapo uliitwa Granta, na mji ukaitwa daraja la Granta. Matamshi ya jina la mji yakabadilika karne hata karne mpaka yakawa Cambridge. Hapo watu wakalitenga neno daraja, wakaona limebaki Cam, wakadhani hilo ndilo jina la mto. Mto ukapewa jina kutokana na mji uliokuwa umepewa jina kutokana na mto. Mwaka 2011 jina hilo lilitolewa kuwa cheo cha udyuki cha Mwanamfalme William.

Jina zito kuliko yote ni Wales, ambalo limo katika cheo cha mrithi wa kiti cha mfalme. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale, wealas, lililokuwa na maana ya wageni. Waliliita hivyo Waanglo-Saksoni, ambao ndio waliokuja, wakiwaambia wenyeji walioikuta nchi ikiwa yao. Neno hilo hilo limo katika nusu ya pili ya Cornwall. Wenyeji wa Wales huiita nchi yao Cymru, jina la watu waliomo katika nchi moja, ndugu kwa ndugu. Na kumbukumbu ya jina hilo imo katika Cumberland, kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo cheo cha juu cha mrithi, kikifunuliwa mpaka mzizi wake, ni cha mkuu wa nchi ya wale walioitwa wageni nyumbani kwao. Mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Mwendo wa majina haukuishia kwenye cheo. Cheo nacho kilizaa majina ya mahali. Udyuki wa Clarence ulipotolewa mwaka 1362 hapakuwa na mji wala wilaya yenye jina hilo. Liliundwa kutokana na Clare, katika Suffolk, kwa sababu mke wa dyuki huyo alikuwa mrithi wa mali ya Clare. Lakini mwaka 1827 Waingereza waliokuwa katika kisiwa cha Fernando Po waliiita kambi yao Port Clarence, kwa heshima ya dyuki wa wakati wao. Mji huo ndio Malabo ya leo. Vivyo hivyo New York ya Marekani haikuitwa moja kwa moja kwa ajili ya mji wa York. Iliitwa mwaka 1664 kwa ajili ya mtu, Dyuki wa York, aliyekuja kuwa Mfalme James wa Pili. Cheo chake cha Uskochi kilikuwa Dyuki wa Albany, na Albany ndiyo makao makuu ya jimbo hilo mpaka leo. Mahali palimpa mtu jina, na mtu akalipeleka jina mahali pengine, bila ya kuwauliza wenyeji wa upande wowote.

III. Fasihi na mfarakano wa jina na ardhi

Shakespeare aliandika mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, wakati ambapo kila mtu aliyekaa katika nyumba ya maonyesho alijua kwamba jina la eli si kazi ya eli. Lakini aliandika juu ya enzi ambazo watu walikufa kwa ajili ya majina hayo. Nguvu ya tamthilia zake inatoka katika pengo hilo.

Katika Richard II, mfalme anamfukuza nchini Henry Bolingbroke, kisha baba yake Henry anapofariki mwaka 1399 mfalme anajitwalia mali yote ya Lancaster. Henry anarudi. Mjumbe anamwita kwa cheo chake cha zamani, Hereford. Henry anakataa kujibu. Anasema jina lake sasa ni Lancaster, na kwamba amekuja Uingereza kulitafuta jina hilo. Mhakiki asiyejua historia ya vyeo ataona hapa kiburi cha mtu anayependa kuitwa vizuri. Kumbe Henry anazungumza kama mwanasheria: akiitikia jina la Hereford, amekubali kwamba Lancaster, pamoja na ngome na mashamba na kodi zake, imechukuliwa kwa haki. Jina ndiyo hati ya mali. Na mfalme anayeweza kuivunja hati ya mrithi mmoja amevunja kanuni ile ile iliyomweka yeye mwenyewe katika kiti. Tamthilia nzima imo katika kuitikia au kutoitikia jina.

Katika Macbeth jina linafanya kazi nyingine. Wachawi wanamlaki Macbeth kwa majina mawili ya mahali, Glamis na Cawdor, kisha wanamtaja kuwa mfalme wa baadaye. Glamis ni yake tayari. Cawdor ni ya mtu mwingine aliye hai, ambaye uhaini wake umegunduliwa na ambaye anauawa ili jina lake lipewe Macbeth. Macbeth anauliza kwa nini anavikwa mavazi ya kuazima. Swali hilo ni la haki. Jina la Cawdor limetoka kwa mhaini, na halikusafishwa njiani. Aliyelipokea anakuwa mhaini mkubwa kuliko wa kwanza. Baada ya kumwua mfalme aliyelala, Macbeth anasikia sauti ikimhukumu kukosa usingizi, nayo inamtaja kwa majina matatu mfululizo: Glamis, Cawdor, Macbeth. Mwuaji ni Glamis, atakayeadhibiwa ni Cawdor, na anayebaki macho ni Macbeth. Msomaji asiyejua kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja atadhani sauti inawahukumu watu watatu. Anayejua ataona mtu akipasuliwa vipande kwa vyeo vyake mwenyewe. Mwishoni Malcolm, ambaye babaye alikuwa amempa cheo cha mkuu wa Cumberland, anawageuza wakuu wake kuwa maeli, na kusema kuwa ndio wa kwanza katika Uskochi. Jina jipya linaletwa kana kwamba litaosha damu ya majina ya zamani.

King Lear ndiyo tamthilia iliyofika mbali zaidi. Lear anaigawa nchi yake, na waume wa binti zake wawili wanaitwa Cornwall na Albany. Cornwall ni ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa. Albany ni jina linalotokana na Alba, yaani Uskochi, kaskazini. Kwa hiyo kabla Lear hajanyoosha kidole juu ya ramani, majina ya wakwe zake yamekwisha kukipasua kisiwa kutoka ncha hadi ncha. Tamthilia hii iliigizwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 26 Desemba 1606. James alikuwa amekwisha kuunganisha viti vya Uingereza na Uskochi mwaka 1603, na miongoni mwa vyeo vya wanawe, Henry alikuwa Dyuki wa Cornwall na Charles alikuwa Dyuki wa Albany. Mfalme aliyetaka nchi mbili ziwe moja alikaa akitazama Cornwall na Albany wakigawana nchi moja ikawa mbili.

Katika tamthilia hiyo hiyo, Kent anasema kweli, ananyang'anywa mahali pake katika nchi, naye anarudi bila jina kumtumikia mfalme aliyemfukuza. Edmund, mwana wa nje ya ndoa asiyeweza kurithi jina la mahali popote, anamsaliti baba yake na kupewa jina la Gloucester baba angali hai. Wenye majina wanang'oa macho. Asiye na jina anahudumia. Anayemjeruhi Cornwall jeraha la kifo ni mtumishi ambaye mwandishi hakumpa jina lolote. Hapana shaka kwamba hapa tabaka la makabaila linahukumiwa, na ushahidi dhidi yake ni majina yake yenyewe.

IV. Upatanisho wa kisarufi kama hukumu

Sasa suala lirudi kwenye Kiswahili. Katika Kiingereza, sentensi inayosema kwamba York imeanguka haionyeshi kama kilichoanguka ni mji au mtu. Kitenzi hakibadiliki. Kiswahili hakina uhuru huo. Mfasiri ataandika ama 'York imeanguka' ama 'York ameanguka', na kiambishi kimoja kitakuwa kimetoa hukumu ambayo Kiingereza kiliiacha wazi. 'Kent imefukuzwa' ni upuuzi. 'Kent amefukuzwa' ni sahihi, lakini msomaji anayejua Kent kuwa wilaya atashtuka kidogo. Mshtuko huo ni faida. Ni mshtuko wa kuona ardhi ikipewa upatanisho wa mtu. Mwingereza aliyezoea vyeo hivyo tangu utotoni hauhisi tena. Msomaji wa Kiswahili anauhisi kwa sababu lugha yake haimruhusu kupita bila kuuona.

Tatizo linakuwa zito zaidi kwa nchi ambazo Kiswahili kina majina yake. Katika King Lear, mfalme wa Ufaransa huitwa kwa jina la nchi yake tu. 'Ufaransa anamwoa Cordelia' ni sentensi ambayo sikio la Kiswahili linaikataa, kwa kuwa kiambishi u- cha mwanzo kimekwisha kutangaza kwamba hili ni jina la nchi. Hapa mfasiri hana budi kuandika 'Mfalme wa Ufaransa', na anapofanya hivyo anapoteza dai la kiburi lililomo katika asili, kwamba mfalme ndiye nchi. Ni heri akubali hasara hiyo kuliko kuandika 'Mfaransa', maana hilo lingemfanya mfalme kuwa raia wa kawaida.

Sehemu ya pili ya tatizo ni -a ya uhusiano. Kiambishi hiki hubeba maana nyingi, na msomaji huchagua maana kwa kutazama nomino iliyotangulia. 'Mtu wa Lamu' ni asili. 'Liwali wa Lamu' ni utawala. 'Shekhe wa Lamu' yaweza kuwa makazi au elimu. Nomino iliyotangulia ikiwa ngeni, kama dyuki au eli, msomaji hana pa kushika, naye huangukia maana iliyo karibu zaidi, yaani utawala. Hapo ndipo kosa la darasani linapozaliwa.

Baadhi ya wafasiri wameona heri kutumia neno la Kiswahili lililo tayari. Mfano wa zamani umo katika Biblia: wale ambao tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliwaita madyuki wa Edomu, tafsiri ya Kiswahili ya Union inawaita majumbe. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwa kuwa wakuu wa Edomu walikuwa viongozi wa koo zao waliokaa na watu wao. Lakini Dyuki wa Devonshire hawezi kuwa jumbe. Jumbe huamua kesi za kijiji chake na hujulikana kwa watu wake. Kumwita kabaila wa Chatsworth jumbe wa Devonshire ni kumpa wajibu asiokuwa nao na kuwapa watu wa Devon kiongozi wasiyemwona. Kwa upande mwingine, dyuki wa Venisi katika Mabepari wa Venisi anakaa kortini na kuongoza kesi, na Prospero wa Tufani alikuwa mtawala halisi wa Milano mpaka alipopinduliwa. Kwa hao, neno la utawala linafaa kabisa. Neno moja la Kiingereza linataka maneno mawili ya Kiswahili.

Mwambao wenyewe una namna yake ya kuwafunga watu na majina ya mahali, nayo inasaidia kuona tofauti. Katika Thenashara Taifa za Mombasa wamo Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na wengineo. Wamtwapa wa Mombasa hawakai Mtwapa, na Wapate wa Mombasa hawakai Pate, kama vile Dyuki wa Norfolk asivyokaa Norfolk. Lakini kiambishi wa- ni cha wengi. Jina la mahali ni kumbukumbu ya jamaa nzima, nalo hurithiwa na kila mtoto. Katika cheo cha Kiingereza jina humshukia mmoja, kwa kawaida mwana wa kwanza, na ndugu zake hutoka mikono mitupu. Umbali kutoka mahali unaweza kuwa sawa. Kilicho tofauti ni nani anayemiliki kumbukumbu.

V. Majina ya Afrika katika orodha ya makabaila

Orodha ya makabaila wa Uingereza ina pia majina ya Afrika. Nelson alifanywa Baroni Nelson wa Nile mwaka 1798. Robert Napier alifanywa baroni wa Magdala mwaka 1868, baada ya kuishambulia ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia, ambaye alijiua asitekwe. Wolseley alichukua Cairo mwaka 1882, Kitchener akachukua Khartoum mwaka 1898, na Montgomery akachukua Alamein mwaka 1946. Katika vyeo hivi hakuna hata mmoja aliyedai kuwa mwenye cheo ni mtu wa mahali hapo. Jina la mahali ni nyara. Cairo ni al-Qahira, yaani mji mshindi, nao ukawa pambo la jina la aliyeushinda. Alamein ni uwili wa neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na neno alama la Kiswahili; hapo alama ikawa alama ya mtu mwingine.

Kenya iliupokea mwendo huu kutoka upande wa pili. Ubaroni wa Delamere ulitolewa mwaka 1821 kwa ukoo wa Cholmondeley wa Vale Royal, katika wilaya ya Cheshire, na jina ni la msitu wa huko, lenye asili ya maneno yanayotaja maziwa. Baroni wa tatu alikuja Kenya, na mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 huko Njoro. Mwaka uliofuata Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mkataba ambao laibon Lenana alikuwa miongoni mwa waliouwekea alama. Baadaye baroni alikuwa na shamba la Soysambu kando ya ziwa Elementaita. Jina la maziwa ya Cheshire likaja kukaa kando ya ziwa lililokuwa na jina lake. Katika Nairobi barabara kuu ikaitwa Delamere Avenue, na shule zikaitwa kwa Prince of Wales, Duke of York na Duke of Gloucester. Mwanafunzi wa Nairobi alisoma chini ya jina la nguruwe mwitu wa Waanglo-Saksoni bila ya kuambiwa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 majina hayo yaliondolewa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Shule zikawa Nairobi School, Lenana School na Jamhuri. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, lakini yanastahili kuhakikiwa kama matini yoyote. Jina Nairobi School lilirudisha shule kwenye mahali ilipo. Lenana School ilifuata kanuni ile ile ya zamani ya kumheshimu mkuu kwa kuandika jina lake juu ya jengo, ingawa mkuu huyu alikuwa mwenyeji, na tena mwenyeji ambaye ardhi ya watu wake ilihamishwa kwa mkataba. Kubadilisha jina ni hatua ya kwanza. Kuielewa kanuni iliyoliweka jina la mwanzo ni hatua ya pili, nayo mara nyingi haichukuliwi.

VI. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, kanuni tatu zaweza kupendekezwa kwa mfasiri na kwa mwalimu wa fasihi. Kwanza, mwenye cheo atakapokuwa na mamlaka halisi juu ya mahali, kama vile Venisi ya Shakespeare au wilaya za maeli kabla ya mwaka 1066, neno la utawala litumike, na -a ya uhusiano ifuate bila wasiwasi. Pili, cheo kikiwa ni alama ya nasaba tu, jina la mahali lichukuliwe kama jina la mtu, lipewe upatanisho wa a- na wa-, na jina la cheo lenyewe libaki katika umbo lililotoholewa, ili msomaji asidanganywe na neno jumbe au liwali. Tatu, mtu mmoja akiwa na majina kadhaa ya mahali, kama Macbeth, orodha ya wahusika iyataje yote mwanzoni, kwa sababu asili iliwategemea watazamaji waliokwisha kuyajua.

Sheria ya mwaka 1999 iliwaondoa wengi wa makabaila wa kurithi katika Baraza la Malodi, na kwa hiyo majina hayo yamepungukiwa na nguvu hata huko yalikozaliwa. Fasihi iliyoyabeba bado inasomwa. Msomaji wa Kiswahili anayekuta 'Kent amefukuzwa' ana nafasi ambayo wengi wa wasomaji wa asili wameipoteza: kuuliza ni lini wilaya ilianza kuwa mtu, nani aliruhusu, na wale waliokuwa wakilima katika wilaya hiyo waliitwaje.